Misumari Kumi na Miwili ya Mama wa Mtama

Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi, Mzee Mutsinzi aliingia nyumba ya picha za kuchora mtaani Kagugu akakuta ukuta una pengo kama kinywa cha mtoto wa miaka sita. Picha ya Mama wa Mtama haipo.

Fundi cherehani huyu mstaafu alikuja kila siku kumwamkia yule mama aliyechorwa zamani na marehemu Nizeyimana: mtu wa kawaida, ungo wa mtama mapajani, macho ya kusema "usinidanganye". Kibao kilisema tu "Mwanamke, jina halijulikani." Mutsinzi akawajazia wageni pengo: leo mpishi wa mfalme, kesho mganga aliyemng'oa simba jino.

"Ni Benon, mlinzi," alisema Madamu Peace, msimamizi. "Saa nne polisi wanafika. Kazi yake imekwisha."

"Funguo ziko tatu!" Benon alilalama. "Wangu, wa Madamu, na wa Umuhoza wa tiketi."

"Nawe Madamu jana ulikuwa wapi?" aliuliza Mutsinzi.

"Kwa dada yangu. Nimefika sasa hivi."

"Kweli," Benon alikiri kwa uchungu. "Nimemwona akishuka kwenye pikipiki."

Mutsinzi akainama. Ubao uliopigiliwa kitambaa cha picha ulikuwa sakafuni, mtupu. Dirishani, kwenye sahani ya kikombe, misumari kumi na miwili ilipangwa kama vishikizo vya kanzu. Hata mmoja haukupinda. Picha ya chifu, yenye fremu ya dhahabu, haikuguswa.

"Mwizi ana haraka," alisema. "Anayefumua hivi anakusudia kushona tena."

Umuhoza akaleta chai, amejikunyata. Mvua ilinyesha tangu alfajiri.

"Mwanangu, kile kitenge chako cha njano hakikutoki mabegani hata juani. Leo kiko wapi?"

Umuhoza akaweka sinia chini. Akaenda kwenye meza ya tiketi, akavuta droo. Kitenge kilikuwa humo, kimeifunga picha.

"Babu, Ijumaa uliniambia huyu mama aliuza mtama Ndera, akapotezana na bintiye njiani kwenda Tanzania. Bibi yangu aliuza mtama Ndera! Mama yangu amezeekea Tanzania bila hata picha moja ya bibi. Leo saa moja nilitaka tu kuona nyuma, kama kuna jina. Benon akaingia, nikaogopa, nikaificha. Kaka Benon, nisamehe."

Mutsinzi akatafuta kiti.

"Ile hadithi niliitunga, mwanangu. Nilikuwa nasubiri mvua ipite."

"Nimeshajua. Bibi hakuitwa hivi." Akageuza kitambaa. Kwa penseli, mwandiko wa mchoraji: *Mukarugwiza wa Masoro. Alikataa kutabasamu.*

Peace akasoma mara mbili, kisha akawapigia simu polisi wasije. "Miaka yote hii," alinong'ona, "tumemwita mwanamke tu." Akamwomba Benon radhi, akamtuma alete nyundo.

Saa tano mgeni wa kwanza aliuliza huyu ni nani.

"Mukarugwiza wa Masoro," alijibu Mutsinzi. "Alikataa kutabasamu."

"Basi?"

Mzee akaumauma midomo. "Basi."

Kisha akamgeukia Umuhoza. "Jumamosi twende Ndera. Wauza mtama wazee bado wapo. Wewe utamuulizia bibi yako kwa jina, mimi nitanyamaza."

"Mzee anyamaze? Hiyo sasa," alisema Benon juu ya ngazi, misumari midomoni, "ndiyo hadithi yake kubwa kuliko zote."