Saba ya Fundi Futi

Niazimeni masikio, majirani zangu. Jambo hili limepita katika nyumba ya watu wema, na watu wema wakipotea ndio wanaonitia hofu zaidi.

Mume na mke walikuwa wakishona nguo katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Mume aliitwa Futi, kwa kuwa utepe wa kupimia haukumtoka shingoni hata wakati wa kula. Mke aliitwa Mama Pindo. Kazi yao ilikwenda kwa sauti: Futi humpima mteja na kutaja namba, bega kumi na saba, mkono ishirini na nne, naye Mama Pindo, akiwa amewapa mgongo, huchora kitambaa kwa chaki bila kuandika popote. Kwa miaka kumi na tisa hawakuharibu hata suruali moja. Wateja walisema wawili hao wana kichwa kimoja. Mama Pindo alikubali, ila akaongeza kwamba anayekitumia ni yeye.

Asubuhi moja Futi alikuwa akimpima mwalimu kiuno. Alifungua kinywa kutaja namba, namba haikuja. Mama Pindo alingoja na chaki yake, akidhani anataniwa. Alipogeuka, Futi alikuwa chini.

Kiharusi. Hospitali ilimrudishia mguu na mkono, lakini maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja. Ukimsalimu, anasema "saba." Ukimpa chai, saba. Akicheka, saba, akikasirika, saba. Dada wa mazoezi ya kusema pale hospitalini alimweleza Mama Pindo kwamba hilo ni neno lililonasa tu, halibebi maana yoyote, na wagonjwa wengine hunasa kwenye tusi, kwa hiyo ashukuru. Akampa picha za vitu vya nyumbani wazifanyie mazoezi kila siku, na akamsisitizia kwamba vidonge vya presha visikose hata siku moja. Itachukua muda gani? Hakujua. Pengine mwaka, pengine zaidi.

Mama Pindo aliomba. Kwa hilo simlaumu. Aliomba alfajiri, akaomba akiwa kwenye cherehani, akaomba akimkata mumewe kucha. Ikapita miezi minne, na alichosikia ni kimya. Akaanza kuchanganyikiwa. Labda ameomba vibaya. Labda ameomba mno. Labda zile picha zinamwonyesha Mungu kwamba hamwamini. Ikawa anazipanga mezani huku akiomba radhi kwa kuzipanga.

Jirani yake, muuza sabuni, ndiye aliyempa maana, tena kwa nia njema kabisa.

"Unalia hujibiwi, na unajibiwa kutwa kwa kinywa cha mumeo," alimwambia. "Saba. Sasa unataka uandikiwe barua?"

Basi, Mama Pindo akahesabu. Siku saba za kufunga. Siku saba bila picha na bila vidonge, ili mkono wa binadamu usionekane katika kazi ya Mungu. Alimuuliza Futi kama ndivyo. Futi alitikisa kichwa, akausukuma mkono wa mkewe, akasema "saba, saba" kwa sauti ya mtu anayekataa. Mama Pindo alisikia namba. Sauti hakuisikia.

Siku ya pili alikuja wifi yake, dada wa Futi, akamkuta anafagia huku anaimba. Alimtania kwamba anang'aa kama mtu aliyechumbiwa upya. Mama Pindo akamjibu aje siku ya nane, na vigelegele vyake aje navyo. Zaidi ya hapo hakumwambia kitu, na mimi nauliza: jambo tunaloamini kuwa ni la Mungu, kwa nini tunalificha?

Siku ya tano Futi alishikwa na kichwa. Alibonyeza paji la uso, akanyoosha kidole kwenye kabati la dawa. Mama Pindo alikiona kidole kile na akakielewa. Hata hivyo akajiuliza: huu ndio mtihani wa mwisho, au mume wangu ananiomba dawa? Akafungua kabati. Akalifunga. Akapiga magoti palepale aonyeshwe la kufanya. Alipoinuka, Futi alikuwa ameegemea upande, mate yakimtiririka.

Hospitalini daktari aliuliza kama mgonjwa alikuwa akimeza vidonge. Mama Pindo alisema ndiyo, kisha akasema hapana. Wifi yake, aliyekuwa amewafuata, akamgeukia.

"Umemwachisha dawa kaka yangu?"

"Nilidhani Mungu amesema."

"Mungu alisema, au watu walisema?"

"Sijui, wifi. Hata sasa sijui."

Futi alipona kifo, lakini mkono wa kulia ulikufa na kinywa kikafungwa kabisa. Hata ile saba ilikwenda. Mama Pindo, aliyekuwa ameihesabu na kuifasiri, sasa aliililia jinsi ilivyokuwa, bila maana yoyote.

Picha zilirudi mezani. Vidonge vikatolewa kila asubuhi wifi akiwa amesimama mlangoni kama askari. Maombi yakafupika: "Mungu, nipo. Na wewe najua upo." Siku nyingine alimaliza tu sehemu ya kwanza. Hakumpangia tena siku.

Mwezi wa kumi na moja tangu Futi aanguke mara ya kwanza, mchana, Mama Pindo alikuwa akipiga pasi suruali ya mteja, mawazo yake mbali, pasi imetulia pale pale. Nyuma yake mtu akasema, "Moto." Alitazama mlangoni, akidhani ni mteja. Hakukuwa na mtu.

"Moto," akasema Futi tena, akiitazama pasi.

Mama Pindo hakuinyanyua. Suruali iliungua tundu la ukubwa wa kiganja, naye amesimama anamtazama mumewe.

Mkono haujarudi mpaka leo. Maneno yanakuja, machache, mengine yamepinda.

FUNZO

Ndugu zangu, kumngoja Mungu si kumpangia tarehe, wala si kumtegea mitego tuone kama atanasa. Mama Pindo hakukosa imani. Alikosa subira, akaivisha haraka yake nguo za imani, na aliyelipia ni mtu asiyeweza kujitetea. Ombeni, na dawa mezeni. Anayesikia maombi haoni wivu kwa kidonge. Na mkichanganyikiwa, kama wengi wetu tunavyochanganyikiwa, msijifanye mmesikia sauti. Semeni "sijui," muendelee na kazi ya siku ile, na mtazameni usoni yule mnayemwombea. Huenda anawaonyesha kabati kwa kidole.