Sensa Aliyoichomoa Thawin

Giza lilikuwa linaanza kuingia Nuansi alipoiingiza pikapu yao gerejini, mara ya nne mwezi huo. Gari lilikuwa linatetemeka na kukohoa kama mzee mwenye pumu. Mama yake, Bibi Lamduan, alikaa kiti cha pembeni amejifunika shuka, miguu imemvimba.

"Mjomba Thawin, limezima tena," Nuansi akasema. "Katikati ya daraja, na mama yumo ndani. Kesho alfajiri lazima afike mjini kusafishwa damu. Juzi tumekosa. Daktari kasema akikosa tena, tusije tukamlaumu mtu."

"Nitaliangalia," Thawin akasema. Hakumtazama usoni.

Angemtazama vipi? Fundi huyu aliujua ugonjwa wa gari lile kuliko alivyojua siku za kuzaliwa za wanawe. Mwezi uliopita waliliacha kwake kubadilisha oili tu, basi. Pikapu yake mwenyewe, ya muundo uleule, ilikuwa na sensa ya krenki, kile kidude kinachohisi mzunguko wa injini, iliyochoka. Ikipata joto inapoteza fahamu, injini inazima. Ikipoa inazinduka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mpya ilikuwa bado haijafika kutoka Bangkok, naye alikuwa na harusi ya shemeji yake. Akachomoa nzima ya Bibi Lamduan, akawapachikia mbovu yake. Siku mbili tu, alijiambia. Siku mbili zikazaa mwezi.

Na hilo lina nafuu. Waliporudi mara ya kwanza, mwanamume mzima alikaza macho akawaambia, "Mashine yangu haioni kitu. Mmemuudhi Mae Ya Nang." Huyo ndiye Bibi Mlinzi anayekaa ndani ya gari, ambaye hata fundi humwinamia na kumwomba ruhusa kabla ya kufungua boneti. Maskini ya Mungu, wakachemsha kuku, wakanunua soda nyekundu na shada la yasmini, wakapiga magoti mbele ya bampa kuomba radhi kwa kosa wasilolitenda. Thawin alisimama palepale, anafuta spana.

Jioni hii mama na binti waliketi barazani kungoja. Yeye akaingia kwenye gari, akachomeka mashine ya kupimia, akawasha.

Injini ikaunguruma... ikakohoa... ikashika.

Harufu ya yasmini ikamjaa puani. Mbichi. Lakini shada lililoning'inia kwenye kioo lilikuwa limekauka zamani, limekuwa rangi ya ugoro.

Klik.

Mkanda wa kiti cha pembeni ulikuwa umejifunga. Umekaza, umekumbatia kifua. Kitini hapakuwa na mtu.

Thawin akainamia mashine ili asiangalie kule. Gari lilikuwa limesimama palepale, lakini mashine ilisoma kilomita arobaini kwa saa. Sitini... Tisini...

"Umenisingizia."

Sauti ya mwanamke, ya chini, iliyochoka. Karibu kabisa na sikio.

"Umenisingizia, Thawin."

Sijui alitokaje. Alijikuta yuko bandani nyuma ya gereji, chini ya boneti ya pikapu yake, anachomoa ile sensa nzima. Akarudi nayo. Safari hii aliinama kwanza mbele ya gari la Bibi Lamduan, viganja vimeshikana juu ya paji la uso, kisha akaipachika. Injini ikawaka na kutulia, inanguruma taratibu. Mkanda ulikuwa umefunguka.

Angeweza kusema ulikuwa waya tu. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini aliona ile miguu iliyovimba, akapiga magoti barazani.

"Bibi, hamkumuudhi mtu. Ni mimi. Niliiba sensa yenu."

Hawakushtuka.

"Tunajua, mwanangu," Bibi Lamduan akasema. "Mae Ya Nang aliniambia usingizini, usiku uleule tuliompa kuku."

"Wewe unadhani mkoa mzima wa Kalasin fundi ni wewe peke yako?" Nuansi akauliza. "Mara nne tukurudie wewe tu? Mama alisema tukuache mpaka useme mwenyewe."

"Hata juzi? Alipokosa kusafishwa damu?"

"Hata juzi."

Thawin alitamani ardhi ipasuke immeze. Bibi Lamduan akajikokota mpaka kwenye gari lake, akaweka kiganja juu ya boneti, akatulia kidogo kama anayesikiliza.

"Humu hayumo tena," akasema.

Hapo ndipo pikapu ya Thawin ilipowaka kule bandani. Ile isiyo na sensa, nyaya zinaning'inia. Ikanguruma vizuri, bila kukohoa hata mara moja.

Nuansi akamfungulia mama yake mlango, akamsaidia kupanda.

"Nenda kampokee, mjomba," akasema bila kugeuka. "Yule hana subira ya mama."