Mwisho wa Ukoo wa Intore

Intore hakuwa amekufa. Laiti angekufa, kazi ya Inspekta Zebunissa Kassam ingekuwa nyepesi. Farasi huyo alisimama bandani mwake, kaskazini mwa Vaughan, nchini Kanada, akitafuna nyasi kavu kwa raha zake. Ila miguu ya nyuma aliitanua, na katikati yake palikuwa pamevimba.

"Amehasiwa," alisema daktari wa mifugo aliyeitwa asubuhi hiyo ya Jumatatu. "Hakuna jeraha wala damu. Mishipa imepondwa kwa koleo, kulia na kushoto. Nimempima, damu haipiti tena. Hatazaa."

"Aliumia?"

"Si sana. Alichomwa sindano ya usingizi kwanza, na ya maumivu baadaye. Aliyefanya hivi alimwonea huruma."

Zebunissa aliliweka neno hilo akilini. Katika miaka yake yote ya upelelezi hakuwahi kukutana na mhalifu aliyemtuliza mhanga wake.

Brice Ndayizeye, mwenye farasi, hakuwa na huruma na mtu asubuhi hiyo. Alikuwa Mrundi wa Bujumbura, tajiri wa malori, na farasi huyu ndiye aliyemfungulia milango ya wakubwa.

"Inspekta, unajua huyu ni nani?" alisema. "Ni damu ya Northern Dancer, yule farasi mfupi wa hapa Oshawa. Karibu kila bingwa wa leo ana damu yake. Intore anayo kwa baba na kwa mama, mara tatu. Nikutajie babu zake?"

"Niambie kwanza kama mbegu yake mmeihifadhi kwenye barafu."

"Hiyo ni ya ng'ombe. Kwa farasi wa mbio kanuni inakataa. Lazima dume ampande jike mwenyewe, la sivyo mtoto haandikishwi. Majike walikuwa waanze kuletwa wiki hii." Akashika kichwa. "C'est fini. Imekwisha."

Hapo Zebunissa alielewa ukubwa wa wizi. Farasi yupo, ila watoto wake wote ambao hawajazaliwa wameibwa kwa mpigo mmoja.

Theluji ya Jumapili jioni ilikuwa imefunika nyayo. Mlango haukuvunjwa, wala kufuli la kabati la dawa.

"Funguo ziko kwa nani?"

"Mimi na Josaphat, mtunza farasi. Mimi sikumhasi farasi wangu. Mkamate Josaphat."

Josaphat, Mkongo wa Uvira, alisikia jina lake akashikilia nguzo ya banda. Ombi lake la ukimbizi lilikuwa bado kusikilizwa. Kosa moja la jinai lingetosha kumrudisha alikokimbia, na Brice alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

"Jana ulikuwa wapi?" Zebunissa alimuuliza.

"Kwa matanga, madame. Kwa Mama Rogers, kule Scarborough. Patron Brice mwenyewe njo alinipeleka na motokari yake."

"Mkaacha farasi peke yao?"

"Niliwapa chakula, tukaenda. Rogers alikuwa ndugu yetu, alifia kazi ya hapa. Matanga ya mutu kama ule, utasema uko na kazi?"

Kweli. Mtu wa huku anaweza kukosa harusi akasingizia zamu ya kiwandani, na atasamehewa. Msiba haukosi. Bibi yake Zebunissa, mzaliwa wa Tanga, alikuwa akisema kuwa asiyezika wenziwe atajizika mwenyewe.

"Rogers alikufa lini?"

"Mwaka jana, mbele ya Pasaka."

"Mbona matanga yameanuliwa jana?"

"Mama alikuwa anakatala. Alisema atayaondoa siku moyo wake utatulia. Juzi akatuita sisi wote. Aliniuliza mara mbili kama Patron atakuja, na kama mimi nitakuja."

"Mlikula vizuri?"

"Chakula kilipoa. Tulimungojea mama. Alifika nyuma ya watu wote, akasema basi ilichelewa."

Zebunissa aliinua macho. "Mwenye msiba ndiye aliyechelewa?"

"Ndiyo, madame."

Akamgeukia Brice. "Rogers alikuwa na funguo za hapa?"

"Bien sûr, alikuwa nazo. Alikuwa mpanda farasi wa mazoezi."

"Zilirudi?"

"Tulimpa mama yake vitu vyake vyote katika mfuko. Kofia, viatu… na funguo."

"Huyo mama alikuwa akifanya kazi gani kwao?"

"Sijui. Hapa anaogesha wazee."

"Alikuwa daktari wa ngombe," alisema Josaphat polepole. "Kongwa, kule Tanzania."

Brice alimjua Rogers miaka mitatu. Babu zake Intore angeweza kuwataja hadi wa tano, lakini habari za mama wa mtu aliyempandia farasi hakuwahi kuuliza. Hata hivyo hakubadili kauli. Alimtaja Josaphat tena, mbele ya askari, na ikabidi Josaphat apelekwe kituoni akahojiwe.

Zebunissa alikwenda Scarborough mwenyewe. Katika ghorofa ya juu, Mama Rogers, jina lake Clementina, alimfungulia mlango akiwa amevaa kitenge cha njano. Nguo nyeusi za mwaka mzima zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa juu ya kiti.

"Shikamoo, mama. Mimi ni Inspekta Zebunissa, polisi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

Ukutani Rogers alicheka akiwa na kofia ya kupandia farasi. Zebunissa aliona haya kunywa chai ya mtu ambaye yeye mwenyewe alikuja kumshika, lakini akainywa.

"Jana ulichelewa kwenye matanga ya mwanao, mama."

"Mabasi ya huku unayajua."

"Nayajua. Funguo za Rogers ziko wapi?"

"Nilizitupa. Za nini tena?"

"Josaphat yuko kituoni."

Kikombe cha Clementina kiligonga kisahani. "Josaphat? Josaphat amefanya nini? Si alikuwa ukumbini na watu wote?"

"Alibaki bandani baada ya Brice kumrudisha. Ana funguo, na Brice amemtaja. Ombi lake la ukimbizi linasikilizwa mwezi ujao."

"Nilimwita ili aonekane na watu," alisema Clementina, kama anayejisemea. "Nilihakikisha amekuja."

"Haikutosha, mama."

Clementina alinyanyuka, akaingia chumbani. Alirudi na kitu kirefu kilichofungwa kwenye kanga, akakilaza mezani. Lilikuwa koleo la kuhasia madume, la chuma, mpini umelainika kwa kazi.

"Nilikuja nalo toka nyumbani, sijui kwa nini. Lina alama za vidole vyangu. Mwachieni kijana wa watu."

"Nieleze sababu."

"Mtoto wa kwanza wa Intore alivunjika mguu mazoezini. Wa pili vilevile. Rogers akamwambia Brice, ukoo huu mifupa yake haina nguvu, damu mmeirudisha mno ndugu kwa ndugu. Brice akamjibu kuwa kazi yake ni kupanda, si kufundisha nasaba. Wa tatu alivunjika Rogers akiwa juu yake."

"Ukaamua kulipiza."

"Bado. Ajali ningemwachia Mungu. Makaburini, udongo mbichi, Brice alinishika bega. Akasema, pole mama, hata mimi nimepoteza, yule alikuwa mtoto bora wa Intore. Lakini baba yake yupo, tutapata mwingine."

Zebunissa aliweka kikombe chake mezani.

"Baba yake Rogers alishatangulia," Clementina aliendelea. "Mimi umri umekwenda. Huyo mwingine nitampata wapi?"

Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga. Zebunissa alimhurumia yule mama kwa dhati, na bado akatoa pingu. Clementina alinyoosha mikono mwenyewe.

Brice aliwasubiri kwenye korido ya kituo. Josaphat, aliyekwisha kuachiwa, alisimama nyuma yake. Clementina alimtazama Josaphat kwanza.

"Nisamehe, mwanangu. Mkande yule farasi kwa maji baridi, uvimbe utashuka. Yeye hakunikosea kitu."

"Ndiyo, mama."

Brice alisogea. Macho yake yalikuwa mekundu. "Funguo ulikuwa nazo, sindano ulikuwa nayo. Kwa nini hukumuua tu?"

"Ungemfukia," alisema Clementina, "ungelia mwezi mzima, kisha ukanunua mwingine. Nimekuachia, umwone kila asubuhi. Anakula, anatembea, afya anayo, na hakuna atakayemfuata. Ukimwangalia yeye, Brice, unaniangalia mimi."

Zebunissa alimshika Clementina mkono taratibu, wakapita mbele ya Brice kuelekea mahabusu.