Mshale Uliopanda Gari Limesimama

Kituo cha mafuta kilikuwa kimefurika, honi zikipokezana, na gari lililoziba njia lilikuwa la mama mmoja mtu mzima aliyeipigapiga dashibodi kama anayeamsha mlevi. Mishale yote ilikuwa imelala. Hakujua kama ana mafuta au ana hewa tupu.

"Shangazi, nipishe nikutazamie," alisema kijana wa ovaroli la buluu, aliyeteremka kwenye gari la nyuma.

"Nani kakuita?" aliuliza binti aliyekaa kando ya dereva. Alivaa gauni la njano lililomkaa sawasawa mabegani, na jora la kitambaa mapajani.

"Hakuna. Mimi fundi umeme wa magari."

"Na mimi fundi, wa cherehani. Mbona sivamii nguo za watu njiani?"

"Mwache afanye kazi, mwanangu," alisema yule mama. "Ulimi wako utatulaza hapa."

Kijana akabadilisha fyuzi, mishale ikaamka. "Na mimi ovaroli langu likichanika, nikupate wapi?"

"Uliza mtaa mzima," binti alijibu, na safari hii alikuwa anacheka.

Ovaroli likachanika kesho yake. Likachanika tena wiki iliyofuata, na tundu lilikuwa limenyooka mno kwa tundu la bahati mbaya. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Gereji nzima ilijua. Kijana akamwita fundi mwenzangu, binti akamwita fundi wangu, na siku isiyo na simu ya mchana fundi alifunga waya kinyume.

Ila palikuwa na donda. Kaka wa yule binti mshonaji, wa tumbo moja, alifia barabarani kwa kukimbiza gari. Tangu hapo binti akipanda gari haangalii njia, anaangalia mshale wa mwendo.

"Niapie," alimwambia. "Niapie hutakimbiza gari, hata nikiwa sipo."

Fundi akaapa, na kiapo akakishika. Madereva waliompita walimtukana, naye akawapungia mkono. Hatimaye wajomba wa fundi wakakubaliana: Jumapili wangekwenda kuposa.

Alhamisi alimaliza kuitengeneza dashibodi ya gari la mteja, akataka kuhakikisha. Magari mengi yana njia ya kujipima yenyewe: unabonyeza kitufe kidogo kilicho kwenye kioo cha dashibodi, unageuza ufunguo bila kuwasha injini, na mishale yote inapanda hadi mwisho kisha inashuka, taa zote zikiwaka. Ilipanda vizuri, akaona fahari. Akairekodi kwa simu, kioo peke yake, akaweka muziki juu yake na kuitundika kwenye status ili wateja waone kazi. Ndipo akaenda kumpelekea mwenyewe gari.

Simu ikalia.

"Uko wapi?" Sauti ya mshonaji ilikuwa ya chini.

"Nipo barabarani, mpenzi. Nampelekea mteja gari. Ngoja niegeshe..."

"Nimeuona mshale. Umefika mwisho."

"Mshale gani?"

Simu ilikuwa imeshakatika. Alipopiga tena, hakupatikana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na fundi alipokumbuka ile video, akajua ni mshale upi.

Asubuhi alikwenda dukani kwake. Mshonaji alikuwa akipinda gauni la mteja, pini mdomoni, macho yamevimba.

"Sina cha kusema nawe," alisema, akizitoa pini moja moja.

"Usiseme. Njoo ukae kwenye gari langu tu. Ufunguo shika wewe."

Labda ni kwa sababu hakujitetea, binti akatoka. Akakaa kwenye kiti cha dereva ambacho hakuwahi kukikalia.

"Bonyeza hapo, usiachie. Sasa geuza ufunguo. Usiwashe."

Mshale ukaondoka kwenye sifuri, ukapanda, ukapita mwendo wa mtu aliyeapa, ukapita mwendo uliomuua kaka yake, ukafika mwisho. Nje ya kioo ukuta wa duka ulikuwa palepale. Mshale ukarudi chini, binti akawa ameshika mdomo.

"Ndiyo hiyo video," fundi alisema. "Gari lilikuwa limesimama gereji. Sijavunja kiapo."

"Nakuamini."

Fundi akashusha pumzi, akanyoosha mkono amshike. Mshonaji akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Nakuamini, na ndiyo maana inaniuma. Unajua nilipoiona sikushtuka? Nilitulia. Nikasema, haya, nililoliogopa limefika. Nimekuwa nikilingoja tangu nilipokupenda. Ukichelewa kupokea simu, nakuzika. Nakuchagulia sanda, fundi wangu, halafu unapiga unaniuliza nimekula nini."

"Nitaacha kuendesha."

"Gari ukishalitengeneza, nani atalijaribu barabarani?"

Kazi hiyo ndiyo fundi aliyokuwa akiijua, ndiyo iliyomlisha mama yake. Jibu alilitafuta, likachelewa, na binti akaliona linavyochelewa.

"Usilijibu," alisema kwa upole. "Ukiiacha kwa ajili yangu, utanichukia. Na mimi nikiolewa nawe, nitakuwa mjane kila jioni mpaka utakapoingia mlangoni. Siwezi. Nakupenda, na siwezi."

Wakalia wote wawili ndani ya gari lile lililosimama, bila kuoneana haya. Kisha binti akafuta macho kwa upindo wa gauni, akashuka, akarudi kwenye cherehani yake.

Fundi akampigia mjomba wake.

"Mjomba, Jumapili msiende."

"Mmegombana?"

"Hapana, Mjomba," alisema. "Tumeelewana."