Mstari wa Tatu wa Soksi

Likizo ile, kila asubuhi Chiriku alikuwa na kazi ya kuandika vibao. Mama yake alikuwa mlezi katika kituo cha mbwa waliokosa kwao. Mabanda yakishaoshwa kwa mpira wa maji, chaki yote ililowa na kufutika, na binti akaandika upya kutoka daftari la mama mistari mitatu kwa kila mbwa: umri, afya na tabia. Jina la Chiriku alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Hata mbwa aliwasimulia habari za darasani, nao walimsikiliza kuliko wanafunzi wenzake.

Aliyempenda kupita wote ni Soksi, mbwa mweusi wa miezi minane mwenye miguu myeupe. Mstari wake wa tatu ulisema: "Akila asikaribiwe, hukenua meno." Watu walisoma, wakapita. Sasa kituo kilikuwa kimejaa pomoni, na Chiriku alimsikia daktari wa mifugo akimwambia mama kwamba Soksi asipochukuliwa kufikia Ijumaa, atahamishiwa kituo cha mbali. "Na kule wakali hawawekwi muda mrefu," daktari aliongeza, kisha akamwona mtoto na kunyamaza. Chiriku aliogopa ule ukimya kuliko maneno yenyewe.

Alhamisi, kwenye kibao cha Soksi, akaandika mistari miwili tu. Alijiambia kwamba kuacha kuandika si kusema uongo.

Mchana akaja mama mmoja fundi cherehani, akampenda Soksi papo hapo. Mama yake Chiriku alikuwa chumba cha sindano na daktari, na karani wa mapokezi alijaza fomu kwa kufuata kibao, kama ilivyokuwa desturi. Fundi akamgeukia Chiriku.

"Mwanangu, nyumbani nina mtoto anayetambaa. Huyu ni mpole?"

"Ni mpole sana, mama," Chiriku akajibu.

Soksi aliondoka akitikisa mkia. Ilipasa Chiriku afurahi, lakini alikwepa kulitazama banda tupu. Wingu zito lilifunika mabanda, na mbwa wote walikuwa kimya isivyo kawaida. Saa kumi mama alianza kupanga mabakuli ya chakula. Chiriku alisikia yakigongana, akakumbuka. Ile fomu aliyopewa fundi ilisema Soksi naye alishwe saa kumi, kama kituoni.

"Mama, mstari wa tatu sikuuandika," alisema, na machozi yakamtoka.

Mama hakuuliza mara mbili. Alipiga simu, ikaita hadi ikakatika. Wakatoka mbio wakifuata anwani ya kwenye fomu, mtaa wa kwanza, mtaa wa pili. Nyumba ya fundi ilikuwa wazi, na cherehani ilisikika ikilia chumba cha nyuma. Sebuleni Soksi alikuwa juu ya bakuli lake, mwili umekakamaa, akinguruma kwa sauti ya chini. Mtoto alikuwa anatambaa kumwendea, akicheka, mkono ameunyoosha.

"Usikimbie wala usipige kelele," mama alinong'ona. Aliingia hatua kwa hatua, akapita nyuma ya mtoto, akamnyanyua. Meno ya Soksi yaligongana palepale mkono ulipokuwa.

Fundi alitokea, akamkumbatia mwanawe. Chiriku alitamani ardhi immeze, lakini alisema: "Ni mimi, mama. Nilijua, nikakuficha. Nilitaka apate kwao."

Fundi akamgeukia. "Ungeniambia, ningekuwa namlisha uani, mlango umefungwa. Nilikuwa nimeshampenda. Sasa siwezi. Kila nikimwona nitauona mkono wa mwanangu."

Maneno yale yalimuuma Chiriku kuliko kofi. Walirudi na Soksi, naye alijikunja kwenye kona ya banda kama aliyejua kesho ni siku gani.

Ijumaa Chiriku alimwomba mama ruhusa, wakazunguka mtaa kwa mtaa na Soksi. Kwa kila mtu alianza na ubaya: akila asikaribiwe, na jana nusura amng'ate mtoto. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine, na jua likaanza kushuka. Mwisho walifika kwa mzee seremala aliyeishi peke yake.

"Shikamoo, babu," Chiriku alisema, akamweleza yote.

"Marahaba. Hata mimi nikila sipendi kusumbuliwa," mzee akajibu. Aliuliza maswali mengi, akaonyesha kona nyuma ya karakana atakapomlishia, akatia saini fomu ya kumchukua.

Njiani kurudi, mama alimshika mkono.

"Soksi hawezi kujieleza, mwanangu, ndiyo maana sisi tunamsemea. Ukificha kasoro ya unayempenda, unamponza yeye na wanaomkaribisha. Yule mama ulimpa mbwa ambaye hayupo. Mzee umempa Soksi mwenyewe, ndiyo maana atakaa naye."