Damu ya Asubuhi

Kila siku saa nane mchana Wendell Pruitt alirudi kutoka kiwanda cha maziwa, akakuta sahani moja mezani, imefunikwa. Mkewe, Deolinda, aliyefanya kazi shuleni, alikuwa amekwisha kula. Zamani walikuwa wakisubiriana. Siku hizi alimwachia supu yake ya maharage, kisha akajifungia katika chumba cha binti yao aliyehamia Sacramento. Tangu Februari alikuwa akilala humo.

Hawakugombana. Afadhali wangegombana, maana ugomvi nao ni mazungumzo.

Wendell alikuwa na miaka hamsini na mitatu, na kwa mwaka mzima mwili wake ulikuwa umemgeuka. Alilala, akaamka amechoka. Misuli ya mikono ilinywea. Hamu ya kumgusa mkewe ilizimika, na hata utani, ambao alikuwa fundi wake, ulimkauka mdomoni. Deolinda alipomsogelea kitandani, yeye aligeukia ukutani akajifanya amelala. Aliona haya. Mke naye akaona hatakiwi. Wiki iliyopita alikuwa amesema, bila kumtazama, "Shule zikifungwa Juni, nitaenda kwa dada yangu Turlock. Kukaa." Wendell aliitikia kwa kichwa, akaenda kusimama peke yake gereji.

Alikuwa amekwenda kwa daktari kwa siri. Daktari alimwandikia kipimo cha testosteroni, yaani homoni ya kiume. Lakini Wendell huanza kazi saa kumi na moja alfajiri, na kiwandani mtu haombi ruhusa bila kusema sababu. Sababu hii asingeisema hata kwa ng'ombe. Basi alipotoka kazini alipitia maabara, tumbo limejaa mkate na soseji, akatolewa damu mchana. Majibu yalionyesha homoni iko chini. Daktari akaomba idhini ya dawa kwa mpango wake wa bima. Baada ya wiki mbili ikaja barua: ombi limekataliwa.

Wendell alisoma neno hilo moja tu. Akaitupa barua kwenye pipa la karatasi.

Lakini Tulare, mji wao, kuna upepo. Jumanne, siku ya kutoa mapipa nje, barua ilipeperuka ikanasa kwenye ua wa jirani yake, Ofelia Barragán. Mama huyu mjane alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika ofisi ya bima, akipokea maombi ya idhini. Alikuja nayo mkononi mpaka gereji.

"Jirani, barua yako imenitembelea."

"Umeisoma?"

"Sikuisoma." Akakohoa. "Haya, nimeisoma. Barua hizi ndizo zilizonilisha, nitaziachaje?"

Wendell akawa mwekundu hadi masikioni. "Basi umeshajua, Bi Ofelia. Wamekataa. Yamekwisha."

"Yamekwisha kwa nani? Ukurasa wa pili umeusoma?"

"Wa nini? Wamekataa, wamekataa."

"Wewe na marehemu mume wangu, mama mmoja baba mmoja! Damu ulitolewa saa ngapi?"

"Saa nane. Nilipotoka kazini."

"Na ulikuwa umekula?"

"Soseji."

"Hapo ndipo ulipoharibu. Homoni hii huwa juu asubuhi, mchana ikashuka. Damu ya mchana haithibitishi kitu. Wanataka ya asubuhi, kabla ya saa nne, hujala. Tena mara mbili, siku mbili mbalimbali. Hawakusema huumwi. Wamesema hujathibitisha. Na hapa chini wameandika siku zako za kukata rufaa. Zipo bado."

"Na ikionekana iko sawa?"

"Basi daktari atafute sababu nyingine. Usingizi mbaya, sukari, huzuni. Si kila mwanamume mchovu amepungukiwa homoni."

Wendell alishusha sauti. "Kuna jamaa kazini anauza vichupa vya homoni hii. Anasema karatasi zote hizi hazina haja."

"Ajichome mwenyewe! Dawa hii inaweza kuifanya damu iwe nzito. Tezi dume nayo lazima ichunguzwe. Nani atakupima, yeye?" Ofelia akaikunja barua polepole. "Mkeo Linda anajua?"

Wendell akaokota bisibisi, akaanza kuifuta mafuta.

"Anafikiri nini, kulala kule peke yake?"

"Sijui."

"Unajua, Wendell."

Mficha uchi hazai. Kesho yake Wendell alimfuata msimamizi. "Nahitaji asubuhi mbili. Nikapimwe damu." Alikuwa amejiandaa kwa maswali kumi. Msimamizi alisema, "Nenda," akaendelea kunywa kahawa yake. Mwaka mzima wa kujificha, na mlango haukuwa na kufuli.

Alipimwa asubuhi, akiwa na njaa. Wiki iliyofuata akapimwa tena. Mara zote mbili homoni ilikuwa chini sana. Daktari akaongeza vipimo vya kutafuta chanzo, akachunguza tezi dume na uzito wa damu, kisha wakapeleka rufaa pamoja na majibu yote. Safari hii Wendell aliisoma barua hadi nukta ya mwisho. Bima ilikubali. Daktari aliomba jeli ya kupaka, wao wakakubali sindano ya kila wiki kwanza. Muuguzi akamwonyesha jinsi ya kujichoma pajani.

Alhamisi, wiki ya mwisho ya shule, alikaa ukingoni mwa kitanda chake kipana na sindano mkononi. Mtu aliyezoea kufungua mashine za chuma, aliifungua mara mbili, akaifunika mara mbili. Nyumba ilikuwa kimya kabisa. Akainuka, akagonga mlango wa chumba cha binti yao.

Kitandani palikuwa na sanduku, nusu limejaa.

"Linda, naomba mkono wako."

"Una nini hapo?"

Akamweleza yote, amesimama vile vile mlangoni. Uchovu, damu, barua, haya. "Haikuwa wewe," alisema. "Hata siku moja haikuwa wewe."

Deolinda alilia, tena kwa hasira. "Mwaka mzima, Wendell! Tangu Februari nalala na wanasesere wa mtoto, nikidhani umepata mtu!"

"Mtu gani angenitaka?"

"Hilo nalo kweli." Akafuta macho kwa kiganja. "Lete hiyo. Nimekulia kwenye zizi la baba, ndama niliowachoma hawana idadi. Shusha suruali, na usirushe teke."

Hakurusha.

Dawa haikufanya muujiza. Mwezi wa kwanza Wendell aliona mabadiliko madogo tu, na baada ya miezi mitatu ilimbidi arudi kupimwa tena. Alikwenda asubuhi, wala hakumficha mtu. Sindano ya Alhamisi ilibaki kazi ya Deolinda. Sanduku lilirudi juu ya kabati.

Siku moja ya Septemba Wendell alirudi saa nane mchana. Mezani palikuwa na sahani mbili, zote zimefunikwa. Deolinda alikuwa amekaa kitini, njaa inamuuma, anamsubiri.