Hayo si Majivu, ni Liwa

"Mwanangu amekufa lini? Nauliza, mwanangu Matano amekufa lini?"

Sauti ya Mama Matano ilifika uani kabla yake mwenyewe. Mimi nilikuwa chumbani, siku ya tano ya kutiwa ndani, liwa imenikauka usoni, nimevaa kaniki kuukuu iliyolowa mafuta. Kwetu Msambweni bibi harusi hukaa ndani siku saba, anasingwa mpaka ngozi iteleze, na mwanamume hamwoni ng'o. Zilikuwa zimebaki siku mbili niolewe na Matano. Mlangoni alilala somo wangu, kungwi wa harusi yangu, Bi Mwanapili, na hata mbu aliomba ruhusa kwake.

"Piga hodi kwanza, mkwe wangu," mama akasema.

"Sina hodi! Shika gazeti. Mwite huyo msomi wako alisome."

Msomi ni mimi, Mwanarusi, darasa la nne. Bi Mwanapili akanipitishia gazeti chini ya pazia. Nikajiona. Ukurasa wa mbele, mkubwa, mimi mzima. Chini yake pameandikwa: "MJANE WA NJAA. Amejipaka majivu kumlilia mumewe aliyekufa kwa njaa. Mwanawe hajanyonya siku tatu. Kwale, Novemba 1963."

Majivu! Liwa yangu, sandali safi aliyoisaga Bi Mwanapili kwa mkono wake, kwenye gazeti imegeuka kijivu. Machozi yalikuwepo, kweli, kwa sababu liwa iliniingia jichoni. Na mtoto niliyempakata pale uani alikuwa wa dada yangu Mapenzi, wa siku kumi na mbili, na siku ile alikuwa analia kwa shibe.

"Bibi harusi gani anatoka nje kupigwa picha?" Mama Matano aliendelea. "Ukunda wanafungia samaki kwa uso wake! Na mwanangu mmeshamkalia matanga, yu hai! Harusi hakuna."

"Binti yangu hajatoka nje!" mama akalia.

"Basi ukuta ndio uliompiga picha?"

Akaondoka. Mama akakaa chini akashika kichwa. Mimi sikulia. Niliitazama ile picha tena, nikaona kinu cha mama, kile kilichopasuka mdomo, kiko upande wa kushoto wa picha. Ukitazama uani kutoka mlangoni kwetu unakiona kulia. Ili ukione kushoto, lazima uchungulie kwenye tundu la ua wa makuti, nyuma ya jiko. Na tundu lile alilijua mtu mmoja tu duniani. Alikuwa akinipitishia haluwa hapo tangu tulipochumbiana.

Nikachukua kalamu.

"Matano. Kinu kiko kushoto. Njoo kwenye tundu lako leo baada ya alasiri. Mwanarusi."

Mapenzi akampelekea, akaja. Nilimsikia akikohoa upande wa pili.

"Mpenzi wangu..."

"Usinipenzi. Nani alimleta mpiga picha hapa?"

Akakohoa tena.

"Matano, mimi nina uso mmoja tu. Nani?"

"Mimi," akasema. "Wallahi sikukusudia. Nilikuwa namwendesha yule Kalama wa gazeti kwenda Kinango, kupiga picha za njaa. Tukirudi tukapita hapa. Nilikuwa sijakuona siku tatu, Mwanarusi. Nikamwambia, nipigie moja tu, ya kuweka mfukoni. Kumbe filamu zake za Kinango zimeingia mwanga, zimeharibika zote. Iliyosalia ni yako. Akaitumia."

"Ukajua lini?"

"Gazeti lilipotoka."

"Na mama yako alipokuja kunitukana, ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Umekaa."

"Mwanarusi, nikisema, mama atanilaani. Watu watasema nimemchungulia mchumba wangu nikaleta na mwanamume mwingine achungulie. Tungoje, yatapoa. Wengine watasahau, kisha tutafunga ndoa kimyakimya."

Hapo ndipo iliponichoma. Kosa la kutaka kuniona ningemsamehe, tena ningelicheka. Lakini kuniacha nivae aibu yake huku yeye anakula ugali wa mama yake!

"Sikiliza," nikamwambia. "Mimi sifungi ndoa kimyakimya, sikuiba kitu. Utasema mbele ya watu, na gazeti lilelile litaandika, na jina lako litakuwemo. Bila hivyo usije hata na haluwa."

Nikaziba tundu kwa gunia.

Bendera ikapandishwa, Uhuru ukaja, watu wakacheza mpaka asubuhi, na mimi nimekaa ndani si bibi harusi si mjane. Siku ya tatu ya Uhuru, Kalama mwenyewe alibisha hodi mlango wa mbele, amevaa suti na tai. Matano alikuwa nyuma yake, hana pa kuweka macho. Niliwatokea nimevaa buibui, Bi Mwanapili ubavuni kwangu.

"Dada Mwanarusi," Kalama akaanza, "picha yako imepata tuzo. Serikali imeikuza, kubwa kama mlango. Kesho kwenye baraza inatundikwa, afisa anagawa mahindi kwa watu wa Kinango. Wanataka ukae mbele. Huna haja ya kusema neno."

"Bila shaka. Nikisema, nitaharibu picha."

"Dada yangu, fikiri kidogo. Picha hii imeleta magunia. Watu wanakula kwa sababu yako. Ukisema ni uongo, magunia yatasimama. Utalala usingizi?"

Hilo lilinigusa, sitadanganya. Bi Mwanapili akanigusa bega.

"Kaka Kalama," nikasema, "Kinango ulikwenda kweli?"

"Nilikwenda."

"Uliona wenye njaa?"

"Wengi."

"Wana nyuso?"

Akarekebisha tai yake.

"Kwa nini hukurudi kwao? Ni mwendo wa saa chache. Uliona uvivu, ukachukua wangu. Umewanyima wao uso wao, na mimi umeniulia mume. Kesho nitakuja."

"Utakaa kimya?"

"Nimesema nitakuja."

Uwanja ulijaa. Picha yangu ilining'inia juu ya magunia, na ile "MJANE WA NJAA" imeandikwa kwa rangi nyekundu. Mama Matano alikaa mstari wa mbele, amenipa mgongo. Afisa, kijana mpya aliyechukua kiti cha Mwingereza, akasimama.

"Ndugu wananchi, huu ndio uso wa mateso tuliyoachiwa na mkoloni! Na mama huyu mjane yuko nasi leo."

Nikapanda jukwaani. Nilishika ukaya wangu, kitambaa cha kichwani, kwa nguvu.

"Mheshimiwa, hayo si majivu," nikasema. "Ni liwa."

Wanawake wote wa Msambweni waliguna kwa pamoja. Wao walijua tangu siku ya kwanza, hakuna aliyesema.

"Mimi si mjane. Sijaolewa. Nilikuwa nasingwa ndani kwa mama yangu, nikaibiwa picha kwenye ua. Mtoto ni wa dada yangu, yule pale, mnono. Mkoloni ana yake mengi, lakini hili hakulifanya yeye. Mtatundika nini kwenye Uhuru wetu, uongo?"

Afisa alikuwa anatoka jasho. "Dada, shuka, tutazungumza ofisini..."

"Usimshushe!"

Aliyesema alikuwa mwanamke mwembamba, amesimama kwenye foleni ya magunia, kikapu kichwani. Baadaye nilimjua jina, Kahaso, wa Kinango.

"Njaa ni yetu," akasema. "Mimi nimezika watoto wawili mwaka huu. Hakuna aliyeniuliza jina langu. Mahindi tutayachukua, maana tumbo linayataka. Lakini huyo si mimi, mteremsheni."

Kalama alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilimtafuta Matano kwa macho nikamwona kwenye gari, mikono juu ya usukani. Moyo wangu ulisema, huyu atawasha gari aende.

Akafungua mlango, akaja. Alipita mbele ya mama yake.

"Jina langu ni Matano wa Boga," akasema kwa sauti iliyokatika. "Ndimi huyo mume aliyekufa. Mimi ndiye niliyemleta mpiga picha kwenye tundu la ua. Mwanarusi hakutoka nje, hakujua. Nimemwacha atukanwe wiki tatu, na aliyenyamaza ni mimi."

"Matano!" mama yake akapiga ukelele.

"Nihurumie, mama. Na wewe umwombe radhi."

Nasikia mpaka leo watu wanasema Mama Matano alizirai. Hakuzirai. Alisimama, akaja mpaka kwangu, akanitazama muda mrefu.

"Kinu kilikuwa kushoto," akasema polepole. "Na mimi niliona, picha imepigwa kutoka nyuma ya ua. Nikajifanya sikuona. Niwie radhi, mwanangu."

Picha iliteremshwa. Magunia yaligawiwa yote, hakuna hata moja lililosimama. Kesho yake Kalama alikwenda Kinango kwa miguu yake, na nasikia safari hii aliuliza kila mtu jina kabla ya kufungua kamera.

Mimi nikarudi ndani. Bi Mwanapili alikataa katakata kuunganisha zile siku tano za mwanzo.

"Zile ziliingia mwanga," akasema. "Tunaanza moja."

Siku ya nane Matano alikuja na watu wake, kanzu nyeupe, ngoma, vigelegele. Ndoa ilikwisha fungwa msikitini. Akabisha mlango wa chumba changu, na Bi Mwanapili akauegemea kwa mgongo.

"Kifungua mlango kiko wapi?"

"Nimeleta leso na manukato, Bi Mwanapili."

"Hatutaki. Uso umeshauona bure, wewe na Mombasa nzima. Toa kitu kingine."

Nikasikia anacheka, kisha karatasi ikapenya chini ya mlango. Gazeti lilelile, la asubuhi ile. Ukurasa wa mbele. Nikasoma kwa sauti ili mama asikie, na Mama Matano aliyekuwa amekaa naye jikoni asikie:

"Picha ya Novemba si ya mjane wala ya njaa. Ni ya Bi Mwanarusi wa Msambweni, bibi harusi, iliyopigwa bila idhini yake kwa msaada wa mchumba wake, Matano wa Boga. Tunamwomba radhi."

Nikalisoma mara ya pili. Jina lake lilikuwemo, herufi zote.

"Nifungue?" Bi Mwanapili akaniuliza.

"Mfungulie."

Miaka imepita. Ile picha bado ipo, katika ofisi moja ya Mombasa niliiona mwaka jana kwa macho yangu, fremu ya dhahabu, na maneno yaleyale ya uongo chini yake. Karani akaniambia kwa huruma, "Mama, huyu maskini alifiwa na mumewe."

Nikamwomba kalamu nene ya wino, akanipa. Nikaandika juu ya kioo, herufi kubwa: "HII NI LIWA. MUME WANGU YUKO NJE ANANINGOJA."

Karani akachungulia dirishani. Matano alikuwa pale chini, mvi kichwani, ameshika mkoba wangu.